Mlandege na Bahari Iliyofukiwa

Siku chache kabla ya Idi, gari halipiti mtaa wa Mlandege, mjini Unguja. Njia inayotoka Darajani kwenda Michenzani hujaa watu tangu baada ya futari hadi karibu na daku. Akina mama wanawapima watoto viatu, vijana wanasaka kanzu na kofia, wasichana wanalinganisha mabuibui, na wachuuzi wametandika turubali chini wananadi bei kwa sauti. Anayetoka Mji Mkongwe kuja kununua doti ya kanga huvuka barabara moja tu yenye daladala na pikipiki, akafika. Pale anapovuka palikuwa na bahari.

Hadi mwanzoni mwa karne ya 20, mji wa Unguja, yaani Mji Mkongwe wa leo, ulikaa juu ya rasi ya pembetatu iliyokaribia kuwa kisiwa. Kwa kaskazini, penye Funguni, mkono wa bahari uliingia ndani, ukapinda kuelekea kusini nyuma ya Malindi na Mkunazini, ukafika karibu na Mnazi Mmoja. Huko ukanda mwembamba wa ardhi ndio uliobaki kuunganisha mji na kisiwa kizima. Maji ya bamvua yalipojaa, hori hilo lilifurika na mji ukazungukwa karibu pande zote. Yalipokupwa, yaliacha tope, harufu na kila kilichotupwa na watu wa pande mbili. Charles Guillain, ofisa wa jeshi la majini la Ufaransa aliyefika Unguja mwaka 1846, aliuchora mji pamoja na hori lake, na ramani za baadaye zote zilianzia hapo hapo: mji upande huu, maji katikati, Ng'ambo upande wa pili.

Ng'ambo ilikua kwa kasi katika nusu ya pili ya karne ya 19, wakati karafuu na pembe za ndovu zilipoifanya Unguja kuwa bandari kubwa ya pwani ya Afrika Mashariki. Walikaa huko watumwa na waliokuwa watumwa, wapagazi wa Kinyamwezi, Wamanyema, Wangazija, Washihiri, mafundi, wavuvi na Wahindi wenye viduka vya rejareja. Nyumba zilikuwa za miti na udongo, zimeezekwa makuti, na mbele zina baraza ya kupokelea wageni na kuangalia wapitao. Asubuhi watu wa Ng'ambo walivuka daraja la hori kwenda kupakua majahazi, kupika, kufua, kusomesha, kuuza samaki na matunda. Jioni walirudi. Mlandege, Mchangani, Vikokotoni na Kisiwandui ndiyo mitaa iliyokuwa karibu zaidi na kivuko, na ndiyo sababu biashara iliota mizizi huko mapema kuliko Ng'ambo ya ndani.

Maji peke yake, hata hivyo, hayakuugawa mji. Ndani ya rasi kwenyewe, Malindi na hata Shangani, vibanda vya makuti vilisimama kando ya majumba ya mawe, na Ng'ambo nako zilikuwepo nyumba na misikiti ya mawe. Watu walioana, wakazikana, wakasali pamoja pande zote mbili. Aliyeukaza mstari ule ni Mwingereza, aliyeifanya Unguja nchi ya himaya mwaka 1890. Utawala wake ulitenganisha nyumba ya mawe na kibanda katika vitabu vyake, ukaweka masharti tofauti ya ujenzi na kodi, na hori likawa mpaka unaofaa kwa kazi hiyo. Tangu hapo, mtu alipotaja anakokaa alikuwa ameshataja hadhi yake mbele ya serikali.

Afya ndiyo iliyotolewa kuwa hoja kubwa. Kipindupindu cha mwaka 1869 na 1870 kiliua watu wengi Unguja, na daktari James Christie, aliyekuwa akitibu hapa, aliandika kitabu kizima juu ya maradhi hayo, kikachapishwa mwaka 1876. Visima vifupi vilivyochimbwa karibu na vyoo vilikuwa na lawama kubwa. Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alivuta maji ya chemchemi kutoka upande wa Bububu hadi mjini, na kazi hiyo iliokoa maisha kuliko amri nyingi zilizokuja baada yake. Mwaka 1913 Profesa W. J. Simpson aliletwa kutoka Uingereza kukagua afya ya miji ya Afrika Mashariki. Ushauri wake ulikuwa ule ule kila alikopita: Wazungu wakae mbali na Waafrika, na baina yao pawe na eneo tupu. Kwa Unguja, eneo tupu lilikuwa limeshachimbwa na bahari.

Lakini hori lilikuwa pia na mbu, uvundo na ardhi ambayo serikali iliitamani. Mpangaji miji Henry Lanchester, ambaye kitabu chake juu ya mpango wa mji wa Zanzibar kilitoka mwaka 1923, alilikuta likiwa swali ambalo kila ofisa ana jawabu lake. Kilichofuata hakikuwa tendo moja. Hori lilifukiwa kipande kwa kipande, kusini kwanza, ambako Mnazi Mmoja paligeuzwa viwanja vya michezo vya Wazungu, vikiwemo vya gofu na kriketi, halafu ufukiaji ukasogea kaskazini kwa miongo kadhaa, mpaka maji yakabaki Funguni tu. Juu ya ukingo wake wa magharibi ilipita barabara ambayo wazee wanaiita Creek Road hata sasa, ingawa kibao kinasema Barabara ya Benjamin Mkapa.

Soko la Darajani lilikuwa limeshatangulia. Lilifunguliwa mwaka 1904 kwa jina la Estella, binti wa balozi mdogo wa Uingereza Basil Cave, na kwa miaka zaidi ya mia limekuwa mahali ambapo Mji Mkongwe na Ng'ambo wanagusana mabega bila kuulizana ukoo. Samaki wananadiwa asubuhi, nyama upande wake, viungo na ndizi nje. Jirani yake lipo jengo refu la karne ya 19 ambalo watu wanaliita Jumba la Treni.

Ili kuifahamu Mlandege ya leo, na maduka yake ya nguo, inafaa kurudi mwaka 1897, utumwa ulipofutwa kisheria Unguja. Waliopata uhuru wao wengi walikuja kukaa Ng'ambo, na miongoni mwa vitu vya kwanza walivyovitafuta ni nguo. Mtumwa alivaa kitambaa duni na alikwenda kichwa wazi, miguu mitupu. Mwanamke huru alijifunga kanga, tena kanga mpya iliyotoka msimu ule, na baadaye akavaa buibui, ingawa hapo nyuma kujifunika kulikuwa desturi ya mabibi wa majumba makubwa. Mwanamume akavaa kanzu nyeupe na kofia ya kushonwa kwa mkono. Mwanahistoria wa Kimarekani Laura Fair ameyaeleza hayo kwa kina katika kitabu chake juu ya Ng'ambo, na ushahidi wake unaondoa dhana kwamba nguo ni mambo ya anasa tu. Kwa watu hao nguo ilikuwa tangazo la uraia. Anayeona bibi wa leo akichagua kanga Mlandege kwa saa nzima, akiikunjua, akisoma jina lake, akiirudisha na kuitaka nyingine, anaona desturi yenye umri wa zaidi ya karne moja na sababu yake nzito.

Uhuru wa mwili haukuja na uhuru wa kiwanja. Sehemu kubwa ya ardhi ya Ng'ambo ilikuwa mali ya matajiri wachache au wakfu, na mwenye nyumba alimiliki miti na udongo wa nyumba yake huku akilipia ardhi iliyo chini yake. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia wamiliki walianza kupandisha kodi hiyo. Mwaka 1928 wakaazi wa Ng'ambo walikataa kulipa, kwa pamoja, mtaa baada ya mtaa. Baadhi yao walipofungwa, umati uliwaendea jela na kuwatoa. Serikali ililazimika kutunga sheria ya kuzuia kodi ya ardhi mwaka huo huo. Mgomo huu hautajwi sana skuli, ingawa ni moja katika nyakati za mwanzo ambapo watu wa mjini Unguja, wenye asili mbalimbali, walisimama kama wapangaji na wakaazi na wakashinda.

Mwaka huo huo wa 1928, mwanamke wa Ng'ambo alipanda meli kwenda Bombay. Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba aliyekuja mjini akiuza vyungu, alikuwa na sauti iliyowatoa watu vitini, na kampuni ya santuri ilimtaka. Alikuwa mwimbaji wa kwanza mwanamke wa Afrika Mashariki kurekodiwa, naye aliimba kwa Kiswahili wakati taarabu ya majumba ya masultani ilikuwa ikiimbwa kwa Kiarabu. Wenzake wa kikundi, Subeti bin Ambari, Mbaruk Talsam, Buda bin Swedi na Maalim Shaaban, walikutana nyumbani kwake kufanya mazoezi, na majirani walijaa nje kusikiliza. Nyimbo zake zilichukua habari za mitaani zikazifanya kumbukumbu ya watu wote. Wimbo wa "Kijiti", kwa mfano, ulihusu mauaji ya mwanamke mgeni aliyetoka Dar es Salaam: muuaji alikimbilia bara, na walioadhibiwa mahakamani ni wanawake wawili wa msafara wa marehemu. Ng'ambo iliposikia santuri hiyo ilijua majina yote. Shaaban Robert aliandika wasifu wa Siti, na mpaka leo ni miongoni mwa vitabu vichache ambamo mtu wa kawaida wa Ng'ambo anakaa katikati ya ukurasa.

Serikali ya kikoloni ilianza kuijali Ng'ambo kwa vitendo baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Lilijengwa jumba la wananchi Raha Leo, na mwaka 1951 Sauti ya Unguja ikaanza kurusha matangazo. Asubuhi ya Januari 12, 1964, ni kupitia redio hiyo ya Raha Leo ndipo mapinduzi yalipotangazwa. Kisiwandui, mwendo wa dakika chache kutoka Mlandege, palikuwa makao ya Afro-Shirazi Party. Sheikh Abeid Amani Karume, rais wa kwanza wa Zanzibar, aliuawa hapo Aprili 7, 1972, na hapo ndipo alipozikwa.

Karume alitaka kuifuta Ng'ambo kama alivyoijua, na nia yake ilikuwa njema: mtu aliyezaliwa kwenye udongo na makuti apate chumba chenye umeme, maji ya bomba na choo. Wataalamu kutoka Ujerumani Mashariki, wakiongozwa na Hubert Scholz, walichora mpango mkuu wa mji mwaka 1968. Majumba ya Kikwajuni na Kilimani yalitangulia. Yakafuata ya Michenzani, majumba kumi marefu yaliyopangwa kando ya barabara mbili zinazokatana, baadhi yakikaribia urefu wa mita 300. Mitaa mizima ilivunjwa kupisha njia. Waliopata nyumba walizipenda na wajukuu wao bado wamo, lakini baraza za mbele ya nyumba zilipotea, na kisomo, harusi na matanga vikahamia ngazini na uwanjani. Mlandege ilisalimika kwa sehemu kubwa. Majumba yaliishia mgongoni kwake, nayo ikabaki na vichochoro vyake, misikiti yake na viwanja vidogo vya zamani, ikiwa kati ya mji wa masultani na mji wa Mapinduzi.

Miaka ya 1970 maduka yalikuwa na rafu tupu. Serikali ndiyo iliyoagiza bidhaa, mchele uligaiwa kwa kipimo, na foleni ilikuwa sehemu ya siku. Bei ya karafuu ilipoporomoka duniani mwanzoni mwa miaka ya 1980, hazina haikuwa na pesa za kigeni za kutosha hata kwa hayo machache. Mwaka 1984 Ali Hassan Mwinyi aliingia Urais wa Zanzibar, na ndani ya muda mfupi alioukaa alifungua biashara: mwenye fedha zake za kigeni aliruhusiwa kuleta bidhaa. Wazanzibari waliokuwa na jamaa Dubai na Maskati walijua la kufanya. Vitambaa, redio, vyombo, manukato na viatu vilishuka bandarini Malindi, vikabebwa na hamali hadi Darajani na Mlandege, na wafanyabiashara wa Tanzania Bara wakaanza kuvuka bahari kuja kununua. Vyumba vya mbele vya nyumba za familia viligeuzwa maduka. Baraza iliyokuwa ya wazee wa kahawa ikawa meza ya bidhaa. Hapa ndipo Mlandege ilipopata sura inayojulikana sasa, na ndipo kodi ya duka moja ilipoanza kuzidi mshahara wa mwalimu.

Mtaa huo umeshapitia misukosuko. Kebo ya umeme iliyo chini ya bahari ilipoharibika, Unguja ilikaa gizani kwa takriban miezi mitatu, kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010, na Mlandege ilifanya kazi kwa majenereta. Sasa ushindani umesogea hatua chache tu: jengo la kisasa la maduka la Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar limesimama Michenzani, na Darajani kwenyewe pamejengwa upya. Bado wanunuzi wanarudi vichochoroni, kwa sababu Mlandege bei inazungumzika na mwenye duka anamjua mama wa mteja.

Jina la mtaa limetoka nje ya Unguja kwa njia ya mpira. Kandanda lilishika Ng'ambo tangu enzi za Mwingereza, vijana wakicheza Mnazi Mmoja pembeni ya viwanja vya mabwana. Klabu ya Mlandege ilichukua ubingwa wa Zanzibar msimu wa 2019/20, ikapata nafasi ya kucheza Ligi ya Mabingwa Afrika na kukutana na CS Sfaxien ya Tunisia, ikatolewa. Januari 2023 iliifunga Singida Big Stars mabao 2 kwa 1 na kutwaa Kombe la Mapinduzi. Januari 13, 2024, kwenye uwanja wa Amaan uliokuwa umetoka kukarabatiwa, ilikutana na Simba, klabu yenye bajeti isiyolinganika na yake, na bao moja la Joseph Akandwanaho likatosha. Timu ya mtaa iliilaza timu ya taifa zima la mashabiki, na kombe likabaki Unguja mwaka wa pili mfululizo.

Hori nalo halijasahau njia yake. Zamani mvua iliyonyesha Ng'ambo ilitiririka hadi mkono ule wa bahari na kutoka Funguni. Mkono ulipofukiwa, maji yale yale yalihitaji mitaro, na mitaro iliyojengwa ilikuwa midogo kwa mji uliozidi kukua. Masika yakikutana na bamvua, bahari husimama juu mdomoni mwa mtaro na maji ya mvua hayana pa kwenda, yakaingia vyumbani. Mradi wa huduma za miji ya Zanzibar, uliogharimiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia kuanzia mwaka 2011, umejenga mitaro mikubwa katika maeneo ya Ng'ambo na hali imekuwa nafuu. Lakini mtaro ukijazwa plastiki hauna tofauti na hori lililofukiwa, na kuuzibua ni kazi ya kila wiki.

Miji mingine iliyofukia maji yake imeanza kujiuliza upya. Utrecht, Uholanzi, iligeuza sehemu ya mfereji wake wa kale kuwa barabara ya magari miaka ya 1970, na mwaka 2020 ikarudisha maji yote. Seoul ilibomoa barabara ya juu na kufunua mto wa Cheonggyecheon mwaka 2005. Hakuna anayedai Darajani ichimbwe. Hata hivyo jiji la Amsterdam, lenye historia yake ndefu ya kuchimba na kufukia mifereji, lilishirikiana na Idara ya Mipango Miji ya Zanzibar na taasisi ya African Architecture Matters katika mpango ulioitwa Ng'ambo Tuitakayo, ulioanza mwaka 2013. Wakaazi walitembezwa na ramani mitaani kwao, wakaulizwa ni misikiti, miti, viwanja, baraza na nyumba zipi wanazozithamini. Matokeo yake ni atlasi ya Ng'ambo iliyochapishwa mwaka 2019, ambamo mitaa iliyokuwa ikiitwa ya vibanda imechorwa kwa uangalifu ule ule uliokuwa ukipewa Shangani.

Kazi hiyo ilikuwa imechelewa mno. Mji Mkongwe una mamlaka yake ya hifadhi tangu 1985 na uliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2000, na mpaka wa eneo lenyewe unafuata kwa sehemu kubwa ile ile barabara iliyopita ukingoni mwa hori. Ng'ambo ya karibu imehesabiwa kuwa eneo la kinga, yaani pembezoni mwa kitu chenye thamani. Huo ni mstari wa Simpson uliovaa nguo mpya, na ni haki kuukataa. Waliojenga majumba ya mawe walilala Ng'ambo. Waliopika, waliochonga milango, waliobeba karafuu na walioimba harusini walivuka daraja kurudi nyumbani. Urithi unaobakisha ukuta na kumwacha aliyeujenga nje ya mpaka umekatwa nusu.

Mlandege hilo si swali la vitabu. Nyumba ya zamani yenye baraza, iliyorithiwa na ndugu saba au wanane, hukaa kwenye kiwanja ambacho mfanyabiashara yuko tayari kukinunua kwa fedha taslimu. Mwenye nyumba Mkunazini akitaka kubomoa atakutana na mamlaka ya Mji Mkongwe, vibali na masharti ya dirisha na mlango. Ndugu wa Mlandege wakishakubaliana kugawana mirathi, kikwazo ni kidogo zaidi. Baraza inavunjwa, mlango unauzwa kwa muuza vitu vya kale, na pahala pake linapanda jengo la zege: maduka chini, stoo katikati, na ghorofa ya juu familia, kama imebaki.